Mwalimu, andaa mwaka mzima likizo ya Desemba kwa simu na laptop moja

Kila shule zikifunga Desemba, simu yangu hujaa maswali yale yale kutoka kwa walimu wanaoanza kazi. Nianze na programu gani? Ninunue laptop ya bei gani? Nitatumiaje teknolojia shule yangu haina intaneti na umeme unakatika? Nafundisha Jiografia sekondari hapa Moshi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Leo nimeandika yote mahali pamoja.

Nianze na jambo moja ambalo hatua zote zinalitegemea: kila unachokiandaa Desemba lazima kifanye kazi Januari bila intaneti na bila umeme. Kinachohitaji mtandao ili kifunguke mbele ya wanafunzi 60, kihesabu kuwa hukukiandaa. Wanafunzi wetu wengi hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo teknolojia tunayoizungumza hapa ni ya kukupunguzia wewe mzigo, ili ukiingia darasani uwe na nguvu ya kufundisha.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Simu janja yenye nafasi wazi ya GB 5 au zaidi.
- Laptop. Hata ya kuazima kwa siku tatu inatosha, kwa sababu kazi inayohitaji laptop kweli ni mbili tu: azimio la kazi (mpango wa mada utakazofundisha wiki kwa wiki) na jedwali la alama.
- Flashi mbili. Moja ni ya kazi zako, ya pili ni ya kwenda nayo stesheneri tu. Usizichanganye, sababu utaiona mbele.
- Kichwa cha OTG, kile kidogo cha kuchomeka flashi kwenye simu. Kitakuokoa siku laptop haipo.
- Akaunti ya Gmail ambayo nywila yake unaikumbuka. Iandike kwenye daftari la nyumbani.
- Muhtasari (silabasi) wa somo lako, kalenda ya mihula ya wizara, na ratiba ya vipindi ya mwaka unaoisha.
- Daftari, kalamu na rula.

Hatua ya 1: Hesabu wiki zako kwenye karatasi

Usifungue laptop bado. Chukua kalenda ya mihula uchore mistari, kila wiki mstari wake. Kisha anza kukata. Kata wiki ya kwanza ya Januari, kwa sababu wanafunzi wanaripoti kidogo kidogo, na Kidato cha Kwanza ndiyo kabisa. Kata mapumziko ya katikati ya muhula, wiki ya majaribio na wiki ya mtihani wa muhula. Halafu tia alama sikukuu: Mapinduzi tarehe 12 Januari, Karume 7 Aprili, Muungano 26 Aprili, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, Nyerere 14 Oktoba. Ongeza Pasaka na Idi kwa kalenda ya mwaka husika, kisha angalia zinaangukia siku zipi za vipindi vyako.

Tuseme muhula una wiki 20, na baada ya kukata umebaki na 16. Kama una vipindi vitatu kwa wiki, hivyo ni vipindi 48. Hiyo ndiyo mali yako yote. Ukiandika azimio la vipindi 60, mwezi wa tano utakuwa unakimbiza mada na wanafunzi wako wanabaki nyuma wanakuangalia. Wenye madarasa ya mitihani wakate zaidi: Kidato cha Pili na cha Nne huanza mitihani ya taifa mwishoni mwa Oktoba au Novemba, kwa hiyo mada mpya zinapaswa kuisha mapema, na muda wa marudio uwe umeandikwa kwenye azimio.

Kosa la kawaida: kunakili azimio la mwenzako wa shule nyingine. Wiki zake si zako, vipindi vyake si vyako.

Hatua ya 2: Pakua kila kitu kabla ya tarehe 20

Anayeishi Kilimanjaro anajua wiki ya Krismasi ilivyo. Watu wanarudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, Rombo, Marangu, Machame na Kibosho zinajaa magari, na mtandao nao unalemewa. Pakua mapema, usiku au alfajiri, au nenda Maktaba ya Mkoa ukae pembeni na bando lako ufanye kazi kwa utulivu. Arusha ipo, Moshi ipo.

Pakua vitu vinne tu:

1. Muhtasari wa somo wa toleo linalotumika sasa. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, unaendelea kupanda mwaka kwa mwaka. Hakikisha darasa lako lipo kwenye mtaala upi kabla hujaandika hata mstari mmoja. Nimeona mwalimu akiandika azimio la kurasa tisa kwa muhtasari wa zamani.
2. Kitabu cha kiada. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada.
3. Mitihani ya miaka iliyopita.
4. Uchambuzi wa majibu ya watahiniwa unaotolewa na Baraza la Mitihani. Walimu wengi hawaufahamu, nami nauona kuwa na faida kuliko vyote. Unaonyesha swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi na kwa nini. Soma wa somo lako kwa kalamu mkononi, uandike pembeni mada tatu zinazowaangusha wengi. Hizo tatu zipe vipindi vya ziada katika vile 48.

Ukimaliza kupakua, zima data, fungua kila faili moja baada ya jingine, ushuke hadi ukurasa wa mwisho. Lisilofunguka halijapakuliwa. Ulikuwa unalitazama mtandaoni tu.

Hatua ya 3: Majina ya mafaili

Hapa sitakaa sana. Folda moja ya mwaka, ndani yake folda kwa kila darasa, ndani ya darasa folda nne: Azimio, Maandalio, Mitihani, Alama. Jina la faili lianze na darasa, kisha aina, kisha wiki: F2A-Jaribio-Wiki06, yaani Kidato cha Pili A, jaribio, wiki ya sita. Andika 06 badala ya 6 ili mafaili yajipange yenyewe kwa mfuatano. Usiite faili "mpya", "mpya2" au "ya mwisho kabisa". Machi hutajua ipi ni ipi.

Hatua ya 4: Azimio la kazi

Fungua jedwali la Excel au Google Sheets, uweke safu zile zile ambazo mwalimu wa taaluma wa shule yako anazikagua: umahiri, shughuli za kujifunza, mwezi, wiki, idadi ya vipindi, zana, upimaji, rejea, maoni. Usibuni muundo wako, utarudishiwa. Jaza wiki kutoka kwenye karatasi ya hatua ya 1, kisha gawa mada. Chini ya safu ya vipindi weka fomula ya =SUM ya safu nzima. Jibu likizidi 48, punguza hapo hapo, kabla mwaka haujakupunguzia.

Safu ya maoni iache wazi, lakini uijaze kila Ijumaa kwa maneno matatu manne: "wamekwama ramani, rudia". Likizo ijayo safu hiyo itakuwa mwalimu wako.

Hatua ya 5: Jedwali la alama

Hapa nenda polepole, maana kosa la hapa linamgusa mtoto wa mtu.

Panga safu hivi: A namba, B jina, C jaribio la kwanza, D jaribio la pili, E nusu muhula, F mtihani wa muhula, G wastani, H daraja, I nafasi. Mstari wa 1 ni vichwa. Wanafunzi wanaanza mstari wa 2, na darasa la 60 linaishia mstari wa 61.

Kwenye G2 andika:

=IF(COUNT(C2:F2)=0,"",ROUND(AVERAGE(C2:F2),0))

Kwenye H2, kwa madaraja ya sekondari (A kuanzia 75, B 65, C 45, D 30):

=IF(G2="","",IF(G2>=75,"A",IF(G2>=65,"B",IF(G2>=45,"C",IF(G2>=30,"D","F")))))

Kwenye I2:

=IF(G2="","",RANK(G2,$G$2:$G$61))

Kisha shika kona ya chini ya kila kisanduku uvute hadi mstari wa 61.

Nitaeleza vipande vitatu ambavyo watu huviruka, halafu wanaponipigia simu tatizo linakuwa ni hivyo hivyo.

Kwanza, ROUND. Bila hiyo, mwanafunzi mwenye wastani wa 74.6 anaweza kuonekana kwenye skrini ana 75, kwa sababu kisanduku kimeficha desimali, lakini daraja lake likaandikwa B. Mzazi ataona 75 na B, na atakuwa na haki ya kuuliza. Kama shule yenu haikadirii kwenda juu, kubalianeni na mwalimu wa taaluma kabla ya Januari, wote mtumie utaratibu mmoja.

Pili, kile kipande cha G2="". Kwa kompyuta, maandishi ni makubwa kuliko namba yoyote. Ukikiondoa, mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani hata mmoja ataandikiwa A.

Tatu, alama za dola kwenye RANK. Zinakaza eneo lisisogee unapovuta fomula. Ukizisahau, kila mwanafunzi atalinganishwa na walio chini yake tu, na wa mwisho kwenye orodha atakuwa wa kwanza.

Mwanafunzi ambaye hakuwepo, acha kisanduku wazi. Usiweke 0. Tazama tofauti: aliyepata 80, 70 na 60 na akakosa jaribio moja kwa ugonjwa ana wastani wa 70, yaani B. Ukimwekea sifuri anashuka hadi 53, yaani C. Sifuri ni ya aliyefanya akapata sifuri.

Sasa weka alama za uongo kwa wanafunzi watano, piga hesabu zao kwa kalamu, ulinganishe. Zikikubaliana, futa, jedwali lipo tayari.

Onyo kubwa la mwongozo huu ni kuhusu kupanga majina kialfabeti. Mwaka mmoja, usiku nikiwa nimechoka, nilichagua safu ya majina peke yake nikabonyeza kupanga. Majina yakahama, alama zikabaki palepale. Sikugundua. Niliprinti ripoti, nikazigawa. Wiki iliyofuata mama mmoja alikuja shuleni na ripoti ya mwanawe ameikunja ndani ya kitenge, akaifungua mezani taratibu, akasema, "Mwalimu, huyu mtoto namjua. Hizi siyo alama zake." Binti yake alikuwa amepata 81, ripoti ilisema 38. Mtoto alikuwa amelia siku tatu. Nilimwomba radhi mama, nikamwomba radhi binti mbele ya darasa, nikarudia ripoti zote kwa mkono.

Kwa hiyo: panga majina Desemba, kabla hujaingiza alama hata moja. Ukilazimika kupanga baadaye, chagua kuanzia A1 hadi F61, pamoja, fomula zitajihesabu zenyewe. Kompyuta ikikuuliza kama upanue eneo ulilochagua, jibu ndiyo. Ukimaliza, chukua wanafunzi watatu wa juu, katikati na chini, uwalinganishe na karatasi zao za mtihani.

Hatua ya 6: Zana za kufundishia kutoka nyumbani kwako

Watu wengi hupakua picha za mabonde ya Ulaya wakati wamekaa chini ya Kilimanjaro. Ukipanda nyumbani Krismasi, beba simu kikazi. Piga picha mfongo (mfereji wa kumwagilia) unavyopinda kufuata mteremko na mahali maji yanapogawanywa. Piga kihamba (shamba la nyumbani la Wachagga) kuanzia chini kwenda juu: magimbi, kahawa, migomba, miti mirefu. Wa Arusha wana mashamba ya miteremko ya Meru, na ukifika Monduli unaona upande wa pili wa mvua, ule mkavu, kwa macho yako. Kila picha iandike mahali na tarehe siku hiyo hiyo.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote linahitaji watu wawili na themomita mbili za maabara, kwa ruhusa ya mkuu wa shule. Mmoja abaki Moshi mjini, takribani mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwingine apande hadi lango la Marangu, ambalo lipo zaidi ya mita 1,800. Saa sita kamili mchana, kila mmoja aweke themomita kivulini, asubiri dakika tano, apige picha ya usomaji, na kutumiana. Kitabu kinasema joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila mita 1,000. Wanafunzi wakiona picha mbili za wakati mmoja, za sehemu wanazozijua, watakokotoa wenyewe, na hawatalisahau. Majibu yasipolingana sawasawa na kitabu, msiyafiche. Kipindi kizuri kinaanza hapo: mawingu, upepo, msitu.

Kosa: kusoma themomita mmoja asubuhi na mwingine mchana. Hapo umepima saa, hukupima mwinuko.

Kuhusu akili unde (AI), kwa kuwa mnauliza sana: itumie kukuandikia rasimu ya maswali, kisha jibu kila swali mwenyewe kabla hujalichukua. Mambo ya mazingira yetu huyakosea mara nyingi. Jina la mwanafunzi usiliweke humo kamwe.

Hatua ya 7: Printi kabla ya msimu

Wiki ya kwanza ya Januari stesheneri za mjini zinajaa wazazi na walimu pamoja. Printi wiki ya kabla ya Krismasi: azimio nakala mbili, orodha tupu ya majina kwa mahudhurio, na jaribio la kwanza. Geuza kila faili kuwa PDF kwanza. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine, majedwali huvunjika na ramani huhamia ukurasa wa pili. Nenda na ile flashi ya stesheneri, yenye PDF pekee, na ukirudi nyumbani ifute yote, ili virusi visihamie kwenye kazi zako.

Hatua ya 8: Kundi la wazazi

Liweke la matangazo tu, wasimamizi pekee ndio watume. Usirushe humo orodha ya matokeo ya darasa zima; mtumie kila mzazi ya mwanawe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwepo, hakuna mzazi anayependa jirani asome alama za mtoto wake. Wazazi wenye viswaswadu waandikie orodha yao pembeni, uwatumie ujumbe wa kawaida. Hao ndio husahaulika, na mara nyingi watoto wao ndio wanaohitaji ufuatiliaji.

Hatua ya 9: Nakala tatu na jaribio la giza

Kila kazi ikae sehemu tatu: kwenye simu, kwenye flashi ya kazi, na Google Drive. Chagua siku moja ya wiki ya kunakili, mimi ni Ijumaa. Mafaili ya Sheets unayotumia kwa simu yaweke yapatikane bila mtandao.

Kisha, siku moja kabla ya shule kufungua, zima data, zima taa, uweke chaji ya simu kama ilivyo. Jaribu kuandaa kipindi cha kwanza cha Jumatatu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chochote kitakachokukwamisha, kiprinti au kiandike kwenye daftari usiku huo huo. Kama shule ina projekta, nenda siku hiyo ukaichomeke kwa laptop utakayoitumia. Projekta za zamani zina tundu la VGA, laptop nyingi mpya zina HDMI tu, na kiunganishi hakinunuliki dakika tano kabla ya kipindi.

Mambo yakikwama

*Fomula inaonekana kama maandishi, haileti jibu.* Kisanduku kimewekwa kuwa cha maandishi, au kuna nafasi kabla ya alama ya =. Badilisha kiwe cha kawaida, futa, andika upya.

*Inagoma kabisa ukimaliza kuandika.* Baadhi ya kompyuta zinataka nukta-mkato badala ya mkato kati ya sehemu za fomula. Jaribu ;.

*Inaandika #NAME?* Umekosea herufi za jina la fomula, au alama za kunukuu zimenakiliwa kutoka WhatsApp zikiwa zimepinda. Zifute uziandike kwa mkono.

*Nafasi zote zinaonyesha kosa.* Tafuta kisanduku kimoja chenye #DIV/0! kwenye safu ya G. Kimoja tu kinaharibu RANK ya darasa zima. Rudisha pale fomula kamili.

*Folda kwenye flashi zimegeuka njia za mkato na hazifunguki.* Ni virusi, na mara nyingi mafaili yako yapo, yamefichwa tu. Usibonyeze hizo njia za mkato. Ichomeke flashi kwenye simu kwa OTG, ruhusu programu ya mafaili ionyeshe yaliyofichwa, nakili PDF na majedwali yako pekee, kisha fomati flashi.

*Simu inasema imejaa.* Ingia kwenye mipangilio ya hifadhi ya WhatsApp, panga kwa ukubwa, futa video za makundi. Kabla ya kufuta, angalia kama ile picha ya themomita haimo humo.